Ustawi wa wafanyakazi kati ya mji na mji: nambari moja inavyobeba mambo mengi

Kila inapotolewa orodha inayopanga miji kwa ustawi wa wafanyakazi wake, macho ya msomaji hukimbilia juu na chini: nani ameongoza, nani ameshika mkia. Mwajiri anayewaza kuhamisha ofisi huisoma, mtu anayetafuta kazi kwingine huisoma, na viongozi wa mji ulioshika mkia huisoma kwa uchungu kuliko wote. Orodha hizo si za uongo. Shida ni kwamba ile nambari moja iliyoandikwa mbele ya jina la mji imebeba mambo mengi yaliyosongwa pamoja: swali lililoulizwa, mipaka iliyochorwa, watu waliojibu, kazi wanazofanya na, mwishoni kabisa, mji wenyewe. Anayetaka kujua kama mji una mkono wowote katika furaha au uchovu wa wafanyakazi wake hana budi kuyafumua mambo hayo moja baada ya jingine.

La kwanza kufumuliwa ni neno ustawi. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyotiwa saini mwaka 1946, iliieleza afya kuwa ni hali ya ustawi kamili wa mwili, akili na jamii, wala si kukosekana kwa maradhi au udhaifu tu. Maelezo hayo ni mapana mno kuingia kwenye hojaji, kwa hiyo watafiti hulazimika kuchagua kipande. Baadhi yao humtaka mtu ayatazame maisha yake yote na kuyapa alama. Mwanasaikolojia Hadley Cantril alieleza njia hiyo mwaka 1965 kwa mfano wa ngazi yenye vidato kuanzia 0 hadi 10: juu kabisa ni maisha bora kuliko yote anayoweza kuyawazia mhojiwa, chini kabisa ni mabaya kuliko yote, naye aseme amesimama kidato gani. Wengine huuliza hali ya siku za karibuni. Kipimo cha WHO-5, kilichotolewa mwaka 1998, kina sentensi 5 tu kuhusu wiki mbili zilizopita: kama mtu amekuwa mchangamfu, kama amekuwa mtulivu, kama amejiona ana nguvu, kama ameamka akiwa amepumzika, na kama siku zake zimejaa mambo yanayomvutia. Kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 5, kisha jumla huzidishwa kwa 4 ili ifike hadi 100.

Tumtazame mfanyakazi mmoja wa jiji kubwa akizijaza hojaji zote mbili. Amepanda cheo mara mbili katika miaka mitano, mshahara wake umepita ule aliouota alipokuwa masomoni, na watoto wake wanasoma vizuri. Kwenye ngazi anajiweka kidato cha 8 bila kusita. Anapofika kwenye sentensi ya kuamka akiwa amepumzika, kalamu inasimama kidogo, kisha inaandika 1, kwa sababu kila siku anatoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku. Hajadanganya popote. Ila jiji lililojaa watu wa namna yake litakuwa karibu na kilele katika orodha iliyotumia ngazi, na karibu na mkia katika orodha iliyotumia sentensi 5, na wasomaji wa orodha hizo mbili watabishana bila kujua kwamba wanazungumzia vitu viwili tofauti. Ofisi ya takwimu ya taifa ya Uingereza, ilipoanza mwaka 2011 kuwauliza watu maswali 4 kuhusu ustawi wao, yaani kuridhika na maisha, kuona kwamba wanayoyafanya yana thamani, furaha ya jana na wasiwasi wa jana, ilichagua kuyatolea taarifa kila moja kwa alama zake. Naona huo ulikuwa uamuzi wa busara, kwa sababu wasiwasi na kuridhika huweza kukaa katika kifua kimoja.

Neno la pili, mji, huonekana jepesi mpaka mtu aambiwe achore mpaka wake. Kwa muda mrefu kila nchi ilikuwa na kipimo chake cha kuita mahali mji, na kulinganisha kukawa kugumu. Machi 2020 Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa iliidhinisha utaratibu unaoweza kutumika kila mahali: ardhi hugawanywa katika miraba ya kilomita 1 ya mraba, miraba inayopakana, yenye watu wasiopungua 1,500 kila mmoja na jumla ya watu wasiopungua 50,000, huhesabiwa kuwa jiji, na ile yenye msongamano wa wastani, kuanzia watu 300 kwa kilomita ya mraba na jumla ya watu 5,000, huhesabiwa kuwa mji. Hatua hiyo imesaidia sana, lakini haijibu swali moja ambalo kwa mfanyakazi ndilo kubwa: ahesabiwe anakolala au anakofanyia kazi? Tafiti za kaya humfuata nyumbani. Tafiti za waajiri humkuta ofisini. Mtu anayelala katika mji mdogo wenye utulivu na kufanya kazi katikati ya jiji hupandisha au hushusha wastani wa mji mmoja katika utafiti wa kwanza na wa mji mwingine katika utafiti wa pili, na uchovu wake wa njiani, ambao si wa mji wowote kati ya hiyo miwili, huandikwa kwenye hesabu ya mmoja wao.

Hata hayo yakiwekwa sawa, bado kuna mtego ambao huwanasa hata watu makini. Tuchukulie jiji lenye wafanyakazi 1,000, ambapo 800 wako maofisini na wana wastani wa alama 7.0, na 200 wako viwandani na wana wastani wa 5.0. Wastani wa jiji zima ni 6.6. Tuchukulie pia mji mdogo wenye idadi hiyo hiyo ya wafanyakazi, ambapo 300 tu ndio wa maofisini, wastani wao 7.4, na 700 ni wa viwandani, wastani wao 5.4. Wastani wa mji ni 6.0. Orodha itasema kwamba jiji limeushinda mji kwa zaidi ya nusu alama. Ukweli ni kwamba mfanyakazi wa ofisini ana alama za juu zaidi mjini kuliko jijini, na wa kiwandani vilevile. Jiji limeshinda kwa sababu moja tu, kwamba lina watu wengi zaidi wa aina ya kazi ambayo kila mahali huleta alama za juu. Edward Simpson aliueleza mgeuko wa namna hii mwaka 1951, na tangu hapo umekuwa ukijirudia katika takwimu za afya, elimu na ajira. Miaka sabini na zaidi ya takwimu za kijamii haijautokomeza, kwa sababu kosa haliko katika kukokotoa, liko katika kusoma.

Kuna na jambo la ukubwa wa sampuli, nalo nitalipitia haraka. Alama za watu zikitawanyika kwa kiasi cha pointi 2 kutoka kwenye wastani, mji ambao watu 25 tu walijibu hojaji unaweza kuonekana juu au chini ya hali yake halisi kwa karibu pointi 0.8, kwa bahati tu, wakati jiji lililotoa majibu 2,500 haliwezi kuyumba zaidi ya kama 0.08. Ndiyo maana miji midogo hupatikana kwa wingi kileleni na mkiani kwa pamoja, huku majiji yakijazana katikati. Mwanatakwimu Howard Wainer ameonyesha jambo hilo hilo kwa saratani ya figo nchini Marekani: wilaya zenye viwango vya chini kabisa ni ndogo na za mashambani, na zenye viwango vya juu kabisa nazo ni ndogo na za mashambani. Mji mdogo ulioongoza mwaka huu na kuporomoka mwaka ujao huenda haukubadilika hata kidogo.

Baada ya kuondoa hayo yote, je, kuna kitu kinachobaki ambacho ni cha mji wenyewe? Kipo, na kinastahili kuangaliwa kwa karibu.

Kinachoonekana upesi ni njia ya kwenda na kurudi kazini. Mwaka 2004 Daniel Kahneman na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti wa wanawake 909 waajiriwa wa jimbo la Texas, ambao waliombwa kuikumbuka siku iliyotangulia kipande kwa kipande na kueleza walivyojisikia katika kila kipande. Safari ya asubuhi ya kwenda kazini ilikuwa miongoni mwa nyakati mbaya kuliko zote za siku yao. Miaka minne baadaye Alois Stutzer na Bruno Frey, wakitumia takwimu za miaka mingi za kaya za Ujerumani, waliuliza swali la kiuchumi: ikiwa watu huchagua wenyewe kukaa mbali na kazi, basi bila shaka hulipwa kwa taabu hiyo, ama kwa mshahara mkubwa ama kwa nyumba nzuri zaidi kwa bei nafuu, na kwa hiyo hawapaswi kuwa na furaha pungufu kuliko wanaokaa karibu. Walikuta sivyo. Wenye safari ndefu waliridhika pungufu na maisha yao kuliko wanaokaa karibu, na malipo hayo ya kufidia hayakuonekana. Watu huhesabu vizuri ukubwa wa nyumba na kiasi cha mshahara wanapofanya uamuzi, lakini huhesabu vibaya dakika zitakazojirudia mara mbili kwa siku kwa miaka yote ijayo. Isidhaniwe hata hivyo kwamba jambo hili huyaelemea majiji peke yake. Mji mdogo usio na ajira za kutosha, ulio umbali wa saa moja kutoka jijini, unaweza kuwa na safari ndefu kuliko mtaa ulio katikati ya jiji.

La pili huonekana kwa nadra kwenye orodha, nami naamini ndilo zito zaidi: idadi ya waajiri ambao mtu anaweza kuwaendea bila kuhama nyumba. Joan Robinson aliandika mwaka 1933 juu ya soko lenye mnunuzi mmoja, na akaonyesha kwamba mwajiri asiye na mshindani anaweza kulipa chini ya thamani ya kazi anayofanyiwa. Lakini madhara hayaishii kwenye mshahara. Katika jiji, mfanyakazi aliyegombana na msimamizi wake anaweza kutafuta kazi mtaa wa pili, watoto wakabaki katika shule ile ile na mwenzi wake akabaki katika kazi ile ile. Katika mji wenye kiwanda kimoja au hospitali moja, kuacha kazi maana yake ni kuondoka mjini. Kwa hiyo hunyamaza. Zamu zikiongezwa, hunyamaza. Akinyimwa likizo, hunyamaza. Hojaji ya ustawi haina kisanduku cha kuandika jambo ambalo mtu ameacha kulisema kwa miaka sita.

Mji wa mwajiri mmoja una hatari nyingine kubwa zaidi, nayo ilishuhudiwa Marienthal, kijiji cha viwanda karibu na Vienna, baada ya kiwanda chake cha nguo kufungwa mwishoni mwa miaka ya 1920 na karibu kijiji kizima kubaki bila kazi. Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walikwenda kukitazama, na mwaka 1933 wakachapisha walichokiona. Walikaa dirishani na saa mkononi, wakapima mwendo wa watu barabarani. Wanaume, waliokuwa na wakati wote duniani, walitembea polepole na kusimama mara kwa mara njiani. Wanawake, ambao bado walikuwa na kazi za nyumbani, walitembea haraka kuliko wao. Maktaba ilifuta ada ya kuazima vitabu, hata hivyo uazimaji ulishuka kwa karibu nusu. Wakati kiwanda kinafanya kazi, mahali kama hapo pangeweza kuonekana vizuri katika orodha yoyote: kila mtu ana kazi, njia ni fupi, watu wanafahamiana. Wastani wa mwaka mmoja hauonyeshi kwamba ustawi wote umefungwa kwenye msumari mmoja.

Kufahamiana huko nako kuna pande mbili. Mfanyakazi wa mji mdogo ambaye mtoto wake ameugua shuleni hufika kwake kwa dakika kumi, na msimamizi anayemruhusu anamjua mtoto huyo kwa jina. Huo ni ustawi halisi, usiolipiwa na mtu yeyote, na wanaohamia jijini huugundua pale wanapoukosa. Lakini mfanyakazi huyo huyo akianza kusumbuliwa na msongo wa mawazo na kutaka msaada wa mshauri, atatembea kwenda kwenye mlango ambao kila mpita njia anaujua ni wa nini. Wengine hawaendi. Jijini mlango huo uko ghorofa ya nne ya jengo lenye ofisi thelathini, na hakuna anayejali mtu anakwenda wapi.

Juu ya haya kuna gharama ya makazi, ambayo hula mishahara mikubwa ya majiji, na kuna majirani. Erzo Luttmer alionyesha mwaka 2005, kwa takwimu za Marekani, kwamba mtu mwenye kipato kile kile hueleza furaha pungufu pale majirani zake wanapopata zaidi. Mshahara mzuri wa mji mdogo unaweza kuwa mshahara wa kawaida jijini hata kabla ya kodi ya pango kukatwa, na anayelinganisha alama za miji miwili kwa kuangalia mishahara tu ataona fumbo pale ambapo hakuna fumbo.

Basi kwa nini watu waendelee kukaa, na hata kumiminika, katika majiji yenye alama za chini? Edward Glaeser, Joshua Gottlieb na Oren Ziv walilichunguza swali hilo kwa majiji ya Marekani na kuchapisha majibu yao mwaka 2016. Walikuta kwamba majiji yanayodidimia yana wakazi wenye furaha pungufu, na kwamba dalili zinaonyesha baadhi yake yalikuwa hivyo hata zamani yalipokuwa yakistawi, ila enzi hizo yalilipa vizuri zaidi. Tafsiri yao ni kwamba furaha ni moja tu kati ya vitu ambavyo watu huvitafuta, na wengi huwa tayari kuikata kidogo ili wapate kipato au nafasi. Jorge De la Roca na Diego Puga, kwa upande wao, walifuatilia wafanyakazi wa Hispania na kuonyesha mwaka 2017 kwamba uzoefu unaopatikana katika majiji makubwa una thamani zaidi, na kwamba sehemu kubwa ya thamani hiyo hubaki na mtu hata akiondoka. Kijana anayejibu hojaji akiwa amechoka katika mwaka wake wa tatu jijini anaweza kuwa anajenga ustawi utakaokuja kuhesabiwa, miaka kumi baadaye, kwa jina la mji mwingine.

Pamoja na hayo yote, kosa ninaloliona kuwa la hatari kuliko mengine ni kusahau tofauti zilizomo ndani ya mji mmoja. Utafiti wa kwanza wa Whitehall, ulioanza mwaka 1967, ulifuatilia wanaume zaidi ya 17,000 wa utumishi wa umma jijini London. Hawa hawakutenganishwa na mji, wala na mwajiri, wala na hatari za mashine. Wote walikuwa watu wa ofisini wenye ajira ya kudumu. Hata hivyo Michael Marmot na wenzake walikuta kwamba vifo vya maradhi ya moyo kwa watu wa ngazi ya chini kabisa vilikuwa zaidi ya mara tatu ya vile vya ngazi ya juu kabisa, na uvutaji sigara na mambo mengine yanayojulikana yalieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Utafiti wa pili, ulioanza mwaka 1985 ukiwajumuisha wanawake pia, ulielekeza kidole kwenye jambo ambalo Robert Karasek alikuwa amelieleza mwaka 1979: kazi huumiza zaidi pale madai yake yanapokuwa makubwa na uhuru wa mtu kuamua ataifanyaje unapokuwa mdogo. Mwajiri anayehamisha ofisi kutoka mji wa mkiani kwenda mji wa kileleni, akahama na wasimamizi wale wale na ratiba zile zile, amehamisha samani. Aliyebaki pale pale na kumruhusu karani apange mwenyewe mfuatano wa kazi zake za siku amegusa kitu ambacho hakuna orodha ya miji itakayokionyesha.

Tangu mwaka 2020 mambo yamezidi kuchanganyika, kwa kuwa sehemu ya watumishi wa maofisini hufanya kazi nyumbani siku kadhaa za wiki. Utafiti wa nchi 27 uliochapishwa mwaka 2023 ulikadiria kwamba kila siku ya kazi ya nyumbani humwokolea mtu wastani wa dakika 72 za safari, na kwamba kiasi cha asilimia 40 ya muda huo hurudi tena kwenye kazi. Wanaofaidika ni wale ambao kazi yao hubebeka kwenye kompyuta; muuguzi, dereva na fundi wa mitambo wamebaki na njia yao ile ile. Wastani wa mji wenye maofisi mengi umepanda bila barabara yoyote kutengenezwa, na pengo kati ya wafanyakazi wa mji huo huo limepanuka.

Na hojaji bado inamuuliza mfanyakazi mji anaofanyia kazi, ikimwachia nafasi ya kuandika jina moja. Jumatatu na Jumanne yuko jijini, mbele ya msimamizi wake. Kuanzia Jumatano yuko mezani kwake, katika mji mdogo ambao mwajiri wake hajawahi kuutia mguu. Anaandika jina la jiji, kwa sababu ndilo lililo kwenye mkataba, na usingizi mzuri wa siku tatu za mwisho wa wiki unaingia kwenye alama za mahali ambapo hakulala.